Acheni Kunyamazisha Kengele za Kompyuta Zenu

Wasee, nianze na swali. Gari likianza kulia usiku wa manane hapo chini ya ploti yenu, nani hutoka kitandani kuangalia kama kuna mwizi? Semeni ukweli. Hakuna. Unageuka upande wa pili, unavuta blanketi, unamlaani mwenye gari. Kengele iliyonunuliwa ili iite watu imefundisha mtaa mzima kutoitika.

Mimi nilifanya hivyo hivyo na kompyuta yangu. Ilinigharimu siku sita, mteja mmoja, na aibu ambayo nikiikumbuka bado shingo inapata joto. Ndio maana leo siposti vidio, naandika. Kuna kitu naona karibu kila kijana anayetumia Linux akikifanya vibaya, na wale wanaotushauri ndio wanatupoteza zaidi.

Hii ndiyo hadithi yenyewe.

Nilinunua kompyuta ya mezani ya mitumba kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahama. Keisi kubwa nyeusi, ubao mama wa watu wa gemu, prosesa ya Intel ya zamani kidogo lakini ina nguvu. Nikaweka Linux kwa sababu ni ya bure, na kwa sababu nilikuwa nimechoka na programu za kuvunjwa zinazokuja na virusi vyake ndani. Kazi yangu mnaijua: naediti vidio za harusi, ruracio, mazishi, na hizi zangu za kuwachekesha.

Siku moja nikaona jamaa ameposti skrini yake. Kando yake kuna joto la prosesa, kasi ya feni, volteji, namba zote zinacheza kama dashibodi ya ndege. Maze nikataka pia. Nikaweka kifurushi kinachoitwa lm-sensors, nikaendesha amri ya sensors-detect, nikajibu maswali yake yote kwa kubonyeza Enter, halafu nikaandika neno moja tu: sensors.

Wueh. Mistari tisa ilikuwa na neno ALARM mwishoni. Hii hapa baadhi yake, muone wenyewe:

in1: 0.99 V (min = 0.00 V, max = 0.00 V) ALARM
in4: 1.02 V (min = 0.00 V, max = 0.00 V) ALARM
in5: 0.15 V (min = 0.00 V, max = 0.00 V) ALARM
Vbat: 2.45 V (min = 2.70 V, max = 3.63 V) ALARM
intrusion0: ALARM

Hiyo ya mwisho ilinichekesha kisha ikanitisha. Mashine ilikuwa inaniambia imevunjwa, kwamba kuna mtu amefungua keisi yake. Mimi niko peke yangu kwa nyumba, mlango umefungwa kwa kufuli.

Nikauliza watu. Majibu yakaja ya aina mbili. Kundi la kwanza: "Bro, hiyo pawa saplai imekufa, nunua ingine kabla ichome kila kitu." Kundi la pili: "Achana nayo, vihisi vya Linux ni takataka. Andika ignore kwa kila mstari uendelee na maisha." Sikuwa na pesa ya kundi la kwanza, kwa hivyo nikafuata la pili. Nikafungua faili ya mipangilio, nikaandika ignore, ignore, ignore, mara tisa. Nikaendesha sensors tena. Skrini safi. Hakuna neno jekundu hata moja. Nikajiona fundi.

Miezi kama miwili baadaye nikapata kazi ya ruracio. Familia ilitaka vidio iwe tayari Jumapili, kwa sababu siku hiyo wangekaa wote sebuleni waitazame pamoja na shosho wao, ambaye alikuwa ameongea maneno mazito siku ile. Walilipa nusu mbele. Alhamisi usiku nilikuwa nimemaliza kuunganisha kila kitu. Kilichobaki ni kurenda, yaani kuiachia mashine iipike vidio yenyewe hadi itoke faili moja. Nikabonyeza, nikaenda kupika chai.

Baada ya kama dakika ishirini, mashine ikazima. Pap.

Nikasema: stima. Nani angesema kitu kingine? Mtaani kwetu stima hupotea na kurudi kama mtoto anayecheza na swichi. Nikawasha, nikaanza upya. Dakika ishirini, pap. Ijumaa nikaazima UPS ya jirani, nikajua sasa nimemaliza maneno. Dakika kumi na nane, pap. Mara hiyo ndio niliinua macho. Balbu ya chumba ilikuwa inawaka. Taa ya UPS ilikuwa ya kijani. Stima haikuwa imeenda popote.

Jumamosi na Jumapili zikaisha hivyo. Nilijaribu kurenda vipande vidogo vidogo, nikapunguza ubora, nikabadilisha programu. Jumapili saa tisa dada wa mteja akanipigia, sauti yake ya upole kabisa, akaniuliza, "Tumekaa, tunaweza kukungoja kidogo?" Nikamwambia ukweli nusu. Nilimwambia kuna shida ya stima.

Jumatatu nikabeba mashine kwa matatu hadi kwa fundi mmoja mjini, mzee wa miwani anayefanya kazi kwa meza ndogo kama dawati la shule. Niliilipia keisi nauli ya kiti. Yule mzee hakushika hata mita. Alifungua ubavu wa keisi, akawasha, akaangalia labda sekunde tatu.

"Kijana yangu," akasema, "hii feni ya prosesa imelala."

Akaisukuma kwa ncha ya kalamu. Ikazunguka nusu duara, ikakwama. Vumbi limeshikana na mafuta ya ekseli mpaka limekuwa kama ugali wa jana. Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote:

"Na mashine haikukuambia?"

Sikuwa na jibu. Nilifika kejani, nikaendesha sensors, nikatafuta mstari wa feni. Ulikuwepo. Sikuwa nimeuficha, kwa sababu haukuwahi kulia:

fan2: 0 RPM (min = 0 RPM)

Sifuri. Feni haizunguki hata kidogo, na hakuna ALARM. Volteji nzima kabisa zinapiga mayowe, na feni iliyokufa imenyamaza kimya. Sasa hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Sifuri moja, maana mbili

Kwanza tuelewane kuhusu nani anaongea. Si Linux. Linux inasoma tu. Kwenye ubao mama kuna chipu ndogo inayopima volteji, joto na kasi ya feni. Yangu ni NCT6779, ya kampuni ya Nuvoton ya Taiwan, na draiva yake kwa Linux inaitwa nct6775. Chipu ina namba inazopima, na pia ina sehemu ya kuweka mipaka: volteji isishuke chini ya hapa, isipande juu ya pale, feni isizunguke chini ya kasi hii. Namba ikitoka nje ya mpaka, chipu inainua kibendera. Hicho kibendera ndicho unachokiona kama ALARM.

Sasa swali la pesa nyingi ni hili: mpaka uliwekwa na nani?

Kwa mistari mingi, jibu ni kwamba hakuna. Mpaka ni sifuri hadi sifuri. Ukiiambia chipu kwamba volteji lazima iwe kati ya sifuri na sifuri, basi volteji yoyote iliyo hai ni kosa. Italia milele. Lakini kwa feni mambo yanageuka. Feni ina mpaka wa chini tu, na ukiweka sifuri unaiambia chipu, "Hata ikisimama kabisa, ni sawa." Kwa hivyo haitalia kamwe. Sifuri ile ile upande mmoja inatengeneza mpiga kelele, upande mwingine inatengeneza bubu.

Ndio maana nasema makundi yote mawili yaliyonishauri yalikosea, na yalikosea kwa njia moja. Waliosema nunua pawa saplai waliamini neno ALARM bila kusoma namba. Waliosema puuza walilidharau neno ALARM bila kusoma namba. Hakuna aliyeniuliza, "Hebu tuone min na max zimeandikwa ngapi."

Na kelele haikuniudhi tu. Kati ya mistari tisa niliyoificha, mmoja ulikuwa unasema ukweli. Rudini juu muangalie Vbat. Huo una mipaka ya kweli, kwa sababu faili ya mipangilio inayokuja na lm-sensors huwekea baadhi ya mistari inayojulikana. Vbat ni ile betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayoshikilia saa ya mashine ukichomoa waya. Ni betri ya volti 3. Yangu ilikuwa 2.45, mpaka wa chini 2.70. Kengele halali kabisa. Nami nikaizika pamoja na zile za uongo. Wiki zilizofuata, kila stima ikipotea usiku, asubuhi saa ilikuwa imerudi nyuma, na kwa vile huwa naediti bila intaneti nikiokoa bando, faili zangu zikaanza kubeba tarehe za ajabu na kupangika ovyo. Nikalaumu Linux. Kumbe iliniambia siku ya kwanza kabisa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mbona namba zenyewe zinaonekana za uongo?

Hapa kundi la "vihisi ni takataka" wana hoja kidogo, wacha niwape haki yao. Mstari wangu wa in1 ulisema volti 0.99. Hiyo ndiyo laini ya volti 12. Mtu akiona 0.99 mahali pa 12 ana haki ya kushtuka.

Lakini chipu hizi haziwezi kupima volti 12 moja kwa moja. Hii yangu mwisho wake kwa mguu mmoja ni kama volti 2. Fikiria una mzani wa duka unaoishia kilo 2, na unataka kujua uzito wa gunia la mahindi la kilo 90. Utapima sehemu yake ndogo, kisha uzidishe. Watengenezaji wa ubao mama hufanya hivyo kwa vipande vidogo vinavyopunguza volteji kwa kipimo maalum kabla haijafika kwa chipu. Kwangu inagawanywa kwa 12. Zidisha 0.99 kwa 12, unapata 11.9. Volteji safi kabisa.

Tatizo ni kwamba namba ya kuzidisha inategemea ubao, na watengenezaji wengi huiweka kwenye BIOS na programu yao ya Windows tu. Linux haiambiwi, kwa hivyo inakuonyesha namba mbichi. Na kuna miguu ya chipu ambayo haijaunganishwa na kitu chochote. Hiyo inasoma upepo. Ule wangu wa in5 wa 0.15 ni hivyo.

Kwa hivyo ndiyo, namba mbichi inaweza kukudanganya. Lakini kukosa tafsiri si sawa na kuwa takataka. Kama hujui Kiluo, hiyo haimaanishi Mjaluo hasemi kitu.

Na yule mwizi wa intrusion0? Baadhi ya keisi zina swichi ndogo ya kujua kifuniko kimefunguliwa. Yangu haina swichi, na chipu inakumbuka tukio hilo mpaka mtu alifute. Unalifuta kwa kuandika 0 kwenye faili ya intrusion0_alarm iliyo ndani ya /sys/class/hwmon. Ikirudi tena na unajua keisi yako haina swichi, hapo andika ignore, na sitakulaumu. Ukipuuza kitu unachokielewa, huo ni uamuzi.

Kile ninachokuomba ufanye

Sikuambii uwe fundi. Ni kazi ya nusu saa, mara moja, kisha umemaliza.

Endesha sensors mara mbili mfululizo. Chipu nyingi zikishainua kibendera, zinakiacha juu mpaka kisomwe, hata kama shida ilipita zamani. Kengele ya mara ya kwanza inaweza kuwa ya jana. Ikibaki ya pili na ya tatu, basi ni ya sasa.

Soma mipaka kabla ya kusoma neno ALARM. Ukiona min na max zote ni sifuri, hiyo kengele haina mwenyewe. Usitupe pesa kwa sababu yake.

Tafuta shahidi wa pili. Washa mashine uingie BIOS, kwenye ukurasa wa afya ya mashine, uandike volti 12, volti 5 na 3.3 zinavyosomeka pale. Ukiwa na mita, au jirani mwenye mita, pima kwenye plagi ya kawaida ya pini nne: waya wa manjano ni volti 12, mwekundu ni 5, mweusi ni wa kurudi. Kiwango cha ATX kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hivyo 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, na 3.3 iwe kati ya 3.14 na 3.47. Nje ya hapo, sasa ongea na fundi kuhusu pawa saplai. Na tafadhali, usiifungue pawa saplai yenyewe. Ndani yake kuna vitu vinavyoshikilia umeme hata baada ya kuchomoa, na havijali una wafuasi wangapi.

Kwa feni, shahidi wako ni macho. Fungua ubavu, angalia. Feni zinazosema 0 RPM ziko za aina tatu: nafasi kwenye ubao isiyo na feni, feni ya waya mbili isiyo na waya wa kuripoti kasi, na feni iliyokufa. Kwenye skrini zote tatu zinafanana. Huwezi kuzitofautisha ukiwa umekaa kitini.

Ukishajua ukweli, sasa weka mipaka yako mwenyewe. Tengeneza faili ndani ya /etc/sensors.d/. Yangu inakaa hivi:

chip "nct6779-*"
label in1 "+12V"
compute in1 @*12, @/12
set in1_min 11.4
set in1_max 12.6
label fan2 "Feni ya prosesa"
set fan2_min 500
ignore in5
ignore intrusion0

Kisha endesha sudo sensors -s ili mipaka iingie. Namba za ubao wako zitakuwa tofauti, kwa hivyo usinakili hizi kama majibu ya mtihani. Hiyo 500 niliipata kwa kuangalia feni yangu mpya ikiwa mashine imetulia: ilikuwa inazunguka kama mara 800 kwa dakika. Nikaweka mpaka chini kidogo ya hapo, ili isilie bure na isinyamaze bure.

Na kama mashine yako inazima ghafla kama yangu, soma ilichoandika kabla ya kuzima. Amri ni journalctl -k -b -1. Yangu ilikuwa imejaa mistari inayosema joto limepita kiwango na prosesa imepunguziwa kasi, mara mia na zaidi. Prosesa za Intel zinajipima zenyewe, na kwa nyingi kikomo ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguza, ikishindwa inazima ili isiungue. Yaani prosesa ilijiokoa peke yake, bila msaada wangu. Mimi nilikuwa nahangaika na UPS ya jirani.

"Lakini hiyo ni mambo ya watu wa seva"

Najua kuna mtu hapa anasema hivyo. Ati sisi watu wa kawaida, na mashine zetu za mitumba, tunahitaji vihisi vya nini? Wacha wenye vituo vya data wahangaike.

Mimi naona ni kinyume kabisa. Kampuni kubwa feni moja ikifa, seva ya pili inashika kazi, na kuna mtu analipwa mshahara kukimbia na feni nyingine. Mimi nina mashine moja. Wewe una mashine moja. Ikizima, hakuna wa kushika kazi. Tena mashine zetu ndizo zimeshazunguka kwa mikono ya watu, zimekula vumbi la kila mtaa, na stima yetu mnaijua. Kama kuna mtu duniani anayehitaji kengele inayosema ukweli, ni kijana wa bedsita mwenye kompyuta moja ya kumlisha.

Na kuna kitu kingine kilichoniuma. Baada ya kubadilisha feni niliingia BIOS, kwa sababu bao kama hizi huwa na onyo lao wenyewe: feni ya prosesa ikisimama, mashine inakataa kuwaka mpaka ukubali. Yangu haikuwahi kukataa. Nikaangalia mpangilio wa feni ya prosesa. Umeandikwa Ignore. Yule jamaa aliyeniuzia, au aliyemuuzia yeye, alikutana na hiyo kengele siku moja, ikamsumbua, akaizima akaendelea na maisha. Kisha akaniuzia mashine pamoja na ule ukimya wake. Na mimi nikaongeza wangu juu.

Sisi tumelelewa hivyo. Ukipanda mbele kwenye matatu angalia dashibodi: taa ya injini inawaka na dereva hata haioni tena. Ukimuuliza anakwambia, "Hiyo huwa inawaka tu." Huwa inawaka tu! Dalili ya mvua ni mawingu, na kweli si kila wingu linanyesha. Lakini ukishaamua kutoangalia juu tena, hata lile la gharika litakukuta umeanika nguo.

Mwisho wa hadithi

Vidio ilitoka Jumamosi iliyofuata, siku sita baada ya siku ya ahadi. Feni mpya na kupakwa dawa ya joto kwa prosesa havikufika hata nusu ya bei ya ile pawa saplai niliyokuwa nashauriwa kununua. Betri ya saa nayo ilikuwa bei ya chai na mandazi. Nilimpelekea mteja faili mwenyewe, nikamwambia haikuwa stima, ilikuwa mimi. Alinishukuru kwa heshima, akanilipa pesa yote. Baada ya miezi mitatu mdogo wake akaolewa. Nikaona picha kwenye simu. Aliyeshika kamera alikuwa mtu mwingine, na siwezi kumlaumu.

Wiki mbili zilizopita, nikiwa katikati ya kurenda, mstari wa feni ya prosesa ukalia. 460, mpaka 500, ALARM. Mstari mmoja tu mwekundu kwenye skrini nzima. Niliuona papo hapo kwa sababu hakukuwa na kingine cha kuangalia. Nikasimamisha kazi, nikazima, nikafungua ubavu, nikafagia vumbi kwa brashi ya rangi niliyonunua kwa hiyo kazi. Dakika kumi. Vidio ikatoka usiku huo huo.

Leo usiku, kabla ya kulala, andika sensors. Usitafute neno ALARM. Tafuta feni ya prosesa, uangalie mpaka wake umeandikwa ngapi. Ukikuta sifuri, basi hiyo mashine haitakwambia kitu siku feni itakaposimama, na mzee wa miwani akikuuliza, utakosa jibu kama mimi.